Mwalimu Mkuu na Miungu ya Karatasi

Nilimwogopa Mwalimu Mkuu juma zima kabla sijamwona. Mchungaji aliyenipa barua ya kazi aliniambia, "Yule mzee hapigi watoto wala hapandishi sauti, ila usijaribu kumdanganya." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, na maneno yale yalinitisha kuliko kama ningeambiwa anatembea na kiboko. Nikapanda njia ya miguu ya juu ya Nkoaranga, ubavuni mwa mlima Meru, sanduku la bati kichwani, kahawa na migomba kila upande, nikitamani shule iwe mbali zaidi ya nilivyoelekezwa.

Haikuwa mbali. Vilikuwa vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa bati, na mlangoni mtu mrefu mwembamba anafagia. Nikadhani ni mlinzi.

"Shikamoo. Namtafuta Mwalimu Mkuu."

"Marahaba," akajibu. Akamaliza kufagia, akauweka ufagio nyuma ya mlango, akavaa koti lililokuwa limetundikwa msumarini, akarudi akasimama mbele yangu. "Haya. Sasa umempata."

Tulikuwa walimu wawili tu, kwa hiyo ukuu wake wote ulinielekea mimi. Lakini hakuna aliyeucheka. Watu wazima walimwita Mwalimu, watoto walimwita Mwalimu Mkuu, na hata mke wake, akimletea uji wa saa nne, alisema, "Mwalimu Mkuu, uji unapoa." Jina lake la ubatizo nililiona mara moja katika karatasi ya serikali. Sitaliandika hapa, maana sikuwahi kumsikia mtu akilitumia.

Alizungumza taratibu kiasi kwamba darasa zima lilinyamaza ili limsikie. Akitaka kukukosoa hakuja mbele yako. Alikuja nyuma, akasimama. Ulihisi tu kwamba mwanga wa dirishani umepungua, na macho yakarudi ubaoni kutafuta kosa. Siku zangu za mwanzo nilikosea hata kuandika tarehe. Alikuwa akisubiri mpaka nifute mwenyewe, kisha anasema neno lake alilolisema kila siku, kwa watoto, kwangu, hata kwa mkaguzi wa shule aliyepanda kutoka Arusha akiwa amelowa matope mpaka magotini: "Tusome kwanza, tuogope baadaye."

Mimi sikuweza. Niliogopa kwanza.

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyopatana. Hakumruhusu mtoto kufagia darasa, lakini nyumbani kwake wanawe walifanya kazi mpaka migongo ikauma. Aliwahurumia nyuki waliojenga katika paa la shule, akatukataza kuwafukuza, tukaumwa muhula mzima. Alijua kushona vifungo na alimshonea mke wake, lakini hakutaka aonekane akishona, na ukimkuta alificha sindano kwenye ukosi wa koti akaanza kuzungumzia mahindi.

Na ngurumo. Darasa la nne aliwafundisha kwamba radi ni umeme, haina zaidi. Alichukua kitana cha mke wake, akakisugua kwenye nywele, akakileta juu ya vipande vya karatasi, navyo vikarukaruka, watoto wakashangilia. "Mnaona? Hakuna mtu mle ndani." Lakini masika yalipofika, mawingu yakateremka kutoka mlimani mpaka yakagusa bati, na ngurumo ikapasuka juu yetu, yeye alikuwa wa kwanza kufunga madirisha. Alisimama katikati ya chumba, mbali na kila ukuta, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Nilidhani anaomba. Nilipomtazama vizuri niliona uso wa mtu anayesubiri kuitwa.

Kuna kitu kinatisha katika kumwona mtu unayemwogopa akiogopa. Unajiuliza, kama huyu anajikunja, sisi wengine tutaingia wapi.

Ilikuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, karibu na mwisho wake. Chini yetu, Tengeru, serikali ilikuwa imeweka kambi ya wakimbizi kutoka Polandi, wanawake na watoto wengi, vijumba vyao vya duara vimejipanga kama uyoga. Mama zetu walishuka na mayai na ndizi, wakapanda na makoti na vijiko. Walielewana kwa vidole. Siku moja mke wa Mwalimu Mkuu alirudi na jozi ya viatu vikubwa vya ngozi vilivyokuwa vimetoka Amerika katika makasha ya msaada. Ndani ya viatu kulikuwa kumeshindiliwa karatasi ili visipoteze umbo.

Viatu vilimbana Mwalimu Mkuu, akampa shemeji yake. Karatasi akazibakiza.

Nilipoitwa nyumbani kwake jioni ile alikuwa amezikunjua zote mezani na mke wake anazipiga pasi ya mkaa, taratibu, kama nguo za Pasaka. Zilikuwa kurasa za vitabu vya picha, vile ambavyo watoto wa Kizungu husoma. Sikuwa nimewahi kuona rangi zilizochangamka vile kwenye karatasi: nyekundu, manjano, buluu. Kulikuwa na wanaume wenye mabega mapana kama milango, wamevaa nguo za kubana na vitambaa vinavyopepea mgongoni. Kulikuwa na majumba marefu, ndege za vita, meli zinazowaka.

"Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu," akaniambia. "Nisomee huyu anasema nini."

Alikuwa ameweka kidole juu ya mtu mwenye ndevu, amesimama juu ya paa la jengo, ameshika mwali wa umeme mkononi kama mtu anavyoshika mkuki.

Nikasoma, nikatafsiri. "Anasema yeye ni mungu wa radi. Anasema alilala miaka elfu moja, sasa ameamka kuwasaidia watu wa mji huu."

Pasi ilisimama. Mke wake akamtazama.

"Soma tena," akasema Mwalimu Mkuu.

Nikasoma tena. Ilikuwa vilevile.

Jioni nyingi zilifuata hiyo. Nilikaa upande mmoja wa meza, yeye upande mwingine na kamusi yake iliyokosa jalada, mlango wazi, mke wake akichambua maharage kizingitini. Kurasa zilikuwa zimechanganyika, hadithi hazina mwanzo wala mwisho, lakini tuliweza kuzipanga kidogo. Miungu ya kale ya Wagiriki na Warumi ilikuwa imeamka Amerika. Mmoja mwenye mbawa visiginoni alipeleka barua za wanajeshi, akipita juu ya mizinga. Mmoja kiwete, fundi chuma, alifanya kazi katika kiwanda cha meli, na hakuna mfanyakazi mwenzake aliyejua yeye ni nani. Dada mmoja mwenye upinde alitafuta watoto waliopotea katika miji iliyopigwa mabomu. Na huyo wa radi, mkubwa wao, alizamisha nyambizi.

Mimi nilifurahi, kusema kweli, mpaka nilipomtazama yeye. Hakutabasamu hata mara moja. Wawili kati ya miungu hiyo aliwajua. Alinikumbusha kisa tulichofundisha watoto, cha mitume wawili waliomponya kiwete katika mji mmoja, na watu wa mji wakadhani hao ni miungu yao imeshuka, wakaleta ng'ombe wa kuchinja, mitume wakararua nguo zao kwa uchungu. "Ni hawahawa," akasema. "Wa radi na wa mbawa. Nimefundisha miaka ishirini kwamba walikwisha."

"Ni picha tu, Mwalimu."

"Ndiyo. Za nani?"

"Za watoto."

"Za watoto wa Wakristo," akasema, akaigeuza karatasi kifudifudi.

Ni mke wake aliyenieleza habari ya mti mmoja, tukiwa mtoni tunafua. Mwalimu Mkuu alipokuwa kijana, amebatizwa mwaka huohuo, mmisionari wa zamani, Mjerumani, aliwaambia vijana kwamba babu zake kule Ujerumani nao waliabudu mungu wa radi, tena walikuwa na mti wake mkubwa. Akaja mhubiri na shoka akaukata mbele yao wote. Wakasubiri apigwe na radi. Hakupigwa, basi wakabatizwa. Mmisionari akauliza nani miongoni mwa vijana wa Meru ana moyo kama ule. Mwalimu Mkuu akasimama. Alikwenda nyumbani, akaukata mti ambao baba yake alikuwa akiutolea sadaka ya kondoo mvua ilipochelewa. Baba yake alikaa kwenye jiwe, akamtazama tangu pigo la kwanza mpaka mti ukalala. Hakumzuia wala hakumlaani. Aliishi miaka sita baada ya hapo na hakusema naye tena neno moja.

"Na radi haikumpiga," nikasema.

"Haikumpiga," akajibu, akikamua shuka. "Ndiyo maana anaisubiri mpaka leo."

Tangu siku ile nilielewa anachokitafuta katika zile kurasa, nikaanza kuziogopa. Sikuogopa kwamba mwenye ndevu atatoka mezani. Niliogopa kwamba mzee huyu, aliyebeba kanisa letu la mlimani mgongoni, atafika mahali fulani katika kusoma kwake asiweze kurudi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ijumaa moja Mwalimu Mkuu alishuka Arusha kuchukua chaki na mbao za kuandikia. Mvua ilikuwa inanyesha. Niliunganisha madarasa yote chumba kimoja, watoto sitini, na ndani ya nusu saa walinishinda. Yeye alipokuwepo walinitii kwa kivuli chake. Asipokuwepo nilikuwa msichana mwenye chaki. Nikapiga meza, hawakusikia. Hapo nikachora ubaoni mguu mmoja mkubwa, na kisiginoni nikauchorea bawa.

Kimya.

Nikawasimulia yule wa mbawa. Nilisimulia vizuri, sijawahi kusimulia vizuri vile tena. Nilimtoa Amerika nikamleta mlimani. Nikamrusha juu ya bonde letu, juu ya paa la hospitali, mpaka Kikwe kule chini kwenye mahindi. Nikasema alifunga mbawa miguuni, akavuta pumzi, akaruka. Benchi la mbele alikaa Ndeshi, mtoto wa miaka minane, binti wa mkulima wa kahawa jirani na shule, mdomo wazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonwa na watoto wale, na nilikunywa kuonwa kule kama maji.

Jumatatu, mapumziko ya saa nne, tulisikia mayowe kutoka kijito cha nyuma ya shule. Ndeshi alikuwa amefunga manyoya ya kuku kwenye vifundo vyote viwili kwa kamba za mgomba, amepanda ukingo wa juu, akavuta pumzi. Tulimkuta chini kwenye mawe. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Mwalimu Mkuu aliteremka kama kijana. Alivunja matawi mawili ya mkahawa, akavua koti lake, akalirarua vipande, akaufunga mguu, huku anazungumza na mtoto kwa Kimeru, kwa sauti ileile ya chini. Mimi nilipiga magoti upande wa miguu. Mtoto alikuwa akitetemeka. Nikayaona yale manyoya. Nikafungua kamba moja, nikafungua ya pili, nikayakunja yote mkononi na kuyatupa ndani ya shamba la kahawa.

Nilipoinua macho, Mwalimu Mkuu alikuwa ananitazama. Akamwinua mtoto.

Njia ya kwenda hospitali ni mteremko, ina mizizi na utelezi. Alimbeba mikononi njia nzima, nami nikatangulia kusafisha njia, sikuthubutu kugeuka. Nyuma yangu nilisikia kilio kikipungua, na kupungua kule kulinitisha kuliko kilio. Kila hatua niliahidi: tukifika nitasema. Tulipofika, muuguzi akampokea, baba yake Ndeshi akaja mbio na jembe bado mkononi, akainama juu ya mtoto wake.

"Nani alikwambia uruke? Nani alikufundisha upuuzi huu?"

"Mwalimu," mtoto akasema. "Mwalimu alitusimulia."

Baba akageuka taratibu, akamtazama Mwalimu Mkuu.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua, nakumbuka baridi ya hewa kwenye meno. Nikaufunga.

Ndeshi alipona, lakini mguu ule ulibaki mfupi kuliko mwenzake.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa Jumapili baada ya ibada. Kurasa zilikuwa tayari mezani. Mzee mmoja alikuwa amekwenda kuzichukua nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, na mke wa Mwalimu Mkuu alimpa zikiwa zimekunjwa vizuri. Mchungaji alikuwepo, na mmisionari mgeni, Mmarekani kijana aliyekuja baada ya Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya vita. Mimi niliwekwa benchi la ukutani, shahidi, kama nitahitajika. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza mama yangu, na cheti kilichotundikwa ukutani kwake. Niliwaza baba wa Ndeshi, aliyekaa mlangoni ameinamisha kichwa.

"Mwalimu," mchungaji akaanza, "watoto wamesimuliwa habari za miungu shuleni kwako. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nani aliyesimulia?"

Sikupumua. Mwalimu Mkuu aliitazama meza, si mimi.

"Mimi ndiye mkuu wa shule ile," akasema. "Linalosemwa ndani yake ni langu."

Hakudanganya. Mpaka leo ninaposema habari zake nasisitiza hilo: hakudanganya. Lakini wote walisikia alichokuwa hajasema, nami nikawaacha wasikie.

Mmisionari akavuta ukurasa mmoja, akautazama, akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyekutana na kitu cha utoto wake. Akasema kwa Kiswahili chake kipya, "Lakini hivi, hivi ni vitu vya watoto. Mimi nilisoma vingi. Hakuna anayeamini."

Mwalimu Mkuu akainua kichwa. "Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja."

"Kwa hiyo kwenu miungu ya zamani haikutupwa. Mliwapa watoto wacheze nayo."

"Ndiyo, unaweza kusema hivyo."

"Sisi hatukuambiwa kwamba hiyo nayo ni njia," akasema Mwalimu Mkuu. Sauti ilikuwa chini sana, wazee waliinama kumsikia. "Mimi nilipewa shoka."

Mmisionari hakujua habari ya mti, lakini wazee walijua, na uso wa mchungaji ukabadilika. Mzee mmoja, mkali kuliko wote, akaogopa mazungumzo yanakokwenda, akatoa kiberiti mfukoni akakiweka mezani. "Maneno mengi ya nini? Achome hizi karatasi hapa mbele yetu, atubu, tumalize."

Mwalimu Mkuu akakisukuma kiberiti kumrudishia yule mzee.

"Nilipoambiwa kata, nilikata," akasema. "Kuchoma, achome mwingine."

Wakamtenga na Meza ya Bwana. Wakamwondoa shuleni. Yule mzee akazipeleka karatasi nje, akaziwasha mwenyewe kwenye majani mbele ya kanisa. Rangi zile ziliwaka na moshi wa kijani. Palikuwa na watu kama arobaini, wote Wakristo, na nakiri kilichotokea: tulipoziona zimeshika moto, mmoja mmoja, tuligeuka tukautazama mlima. Hata aliyewasha. Mlima ulikuwa wazi kabisa, hauna wingu. Hakuna aliyemwangalia mwenzake tulipoondoka.

Mwezi uliofuata nilipewa ufunguo wa shule. Nikawa mkuu.

Kuna hofu inayokuja na kupita, na kuna hofu inayohamia kwako kama mpangaji. Yangu ilihamia. Nilifundisha miaka mingine kumi na miwili katika vyumba vile, na kila mtoto aliponitazama zaidi ya kawaida nilihisi anajua. Ndeshi alirudi shuleni na fimbo, akakaa benchi lilelile la mbele, akamaliza darasa la nne, na katika muda wote huo sikumwita hata mara moja kusoma kwa sauti. Alipoolewa Kikwe nilishukuru Mungu kwa umbali.

Mwalimu Mkuu alikuwa amehamia mjini, Themi, karibu na mto, anaandikia watu barua. Nilisikia habari zake kwa vipande: kwamba alimkatalia mtu aliyetaka barua ya kumtukana kaka yake, akamwandikia ya kumwalika chakula, kwamba kanisa la mjini lilimrudishia ushirika kimya kimya, naye akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, kwamba mvua ikinguruma bado anasimama katikati ya chumba. Kila nilipokwenda Arusha nilizunguka njia nyingine.

Nilikwenda mwishowe bila ushujaa wowote. Uhuru ulikuwa unazungumzwa kwenye kila kibaraza, watu wanasema mambo hadharani ambayo zamani hata nyumbani hayakusemwa, na mimi nikaona nimebaki peke yangu na mdomo uliofungwa. Nilimkuta uani, amekaa juani, amekonda zaidi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Umechelewa."

Sikujua anamaanisha asubuhi ile au miaka ile. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, nikasema yote: Ijumaa, ubao, manyoya, benchi la ukutani. Nililia kama mtoto. Aliniacha nimalize.

"Manyoya nilikuona ukiyatupa," akasema. "Nilijua kabla hatujafika hospitali."

"Mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa ukiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimechoka." Akavua miwani, akaifuta. "Usinifanye mtakatifu. Niliogopa pia. Niliogopa wataniuliza kama naamini kwamba yule wa radi yupo. Ulipowapa kosa jingine la kushughulikia, nilipata nafuu."

"Na wangekuuliza?"

"Ningewaambia sijui. Mtu aliyekata mti wa baba yake hapaswi kuwa hajui." Akairudisha miwani usoni. "Lakini mimi hukunikosea, mwanangu. Umekuja kwa mtu asiye mwenyewe."

Nilielewa. "Siwezi kwenda kwa Ndeshi."

"Lori la Kikwe linaondoka sokoni saa sita."

"Twende wote, Mwalimu."

"Na mimi namwogopa yule binti," akasema. "Nilimfungia mguu vibaya." Kisha akamwita mke wake amletee koti.

Tulishuka kwenye lori katika vumbi la Kikwe saa nane mchana. Ndeshi alikuwa mbele ya nyumba yake anapukuchua mahindi, mtoto mgongoni. Alipotuona aliinuka, akaja kwa ile hatua yake ya kuchechemea, nami kila alipozama upande wa kushoto nilizama naye.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," akasema, akainamisha kichwa, mzee akamgusa kichwani. "Shikamoo, Mwalimu."

Sikuitikia. Nilisema kwa haraka, kabla hofu haijanifunga. "Ndeshi, ni mimi niliyesimulia ile habari ya mbawa. Si yeye. Ilikuwa mimi."

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu anayeambiwa jina lake mwenyewe.

"Najua, Mwalimu. Nilikuwa benchi la mbele."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Baba aliniuliza nani, nikamjibu Mwalimu." Akamgeukia mzee, kisha akanirudia mimi. "Huyu sisi watoto tulimwita Mwalimu Mkuu. Mwalimu ulikuwa wewe. Nilikutaja, ukiwa umesimama palepale kando ya kitanda cha hospitali. Nikadhani utaitika."

Mtoto mgongoni alianza kulia. Akamtingisha kidogo, akavuta vigoda viwili kwa mguu wake mzima, akavipangusa kwa khanga. Mwalimu Mkuu akakaa. Mimi nilibaki nimesimama, mpaka Ndeshi aliponishika mkono akaniketisha.